SHA, M-TIBA, akiba ya kufunga, chama au mkopo: pesa ya matibabu uiweke wapi kwenye simu?

Saa nane usiku, Februari 2025, nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la malipo la hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa, nimeshika simu mbili: yangu na ya wifi yangu. Wifi alikuwa ndani, uchungu umemshika tangu alasiri, na daktari alikwisha kusema mtoto amekaa vibaya, hakuna budi kupasuliwa. Karani aliomba namba ya kitambulisho, akaiandika kwenye kompyuta, akatazama, kisha akaniambia kwa upole: "Amejiandikisha, lakini hajalipa." Nikamwonyesha ujumbe wa SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, uliokuwa kwenye simu ya wifi. Akausoma, akanirudishia simu. "Huu ni wa kujiandikisha, mama. Malipo ni mengine."

Wifi alikuwa amepiga *147# mwezi wa kumi mwaka uliotangulia, akajibu maswali, akapata ujumbe, akaamini mambo yamekwisha. Hakuwa peke yake. Nchi nzima waliojiandikisha ni wengi mno kuliko wanaolipa, hasa sisi tusio na mwajiri wa kutukata mshahara. Usiku ule tuliokolewa na chama, kikundi chetu cha kuchangiana. Niliandika kwenye kundi saa nane na dakika kumi, na kabla ya saa tisa simu yangu ilikuwa imelia mara kumi na moja: mia tano, mia mbili, elfu moja, mia tatu na ya kutolea. Zikatosha malipo ya kwanza, wifi akaingizwa chumba cha upasuaji. Mtoto yupo, mzima kabisa. Deni lililobaki tulilimaliza Agosti.

Mimi ni mweka hazina wa chama hicho. Tuko wanawake 22, wengi wetu tunauza soko la Kongowea: viazi, nazi, nyanya, mboga za majani. Tangu usiku ule naulizwa swali lile lile na kila mmoja kwa wakati wake: hizi shilingi chache ninazobakisha kwa wiki niziweke wapi, ili siku ya ugonjwa zinifae? Njia hizi zote nimezipitia, kwa pesa yangu au kwa kukaa na mwenzangu tukibonyeza simu pamoja. Nazilinganisha hapa nilivyoziona zikifanya kazi, na palipo na njia ninayoipendelea nitaitaja wazi.

Ugonjwa una bei tatu

Tukianza kwa kuuliza ipi ni bora tutapotea, kwa sababu gharama za ugonjwa hazifanani. Kuna gharama ndogo zinazorudi: mtoto ana homa, kipimo cha malaria, dawa ya presha ya mwezi. Kuna gharama unayoiona ikija kwa mbali, kama uzazi, miwani, jino la kung'oa. Halafu kuna ile inayovunja nyumba: ajali ya bodaboda, figo, saratani, upasuaji wa ghafla. Mfuko unaofaa hii ya kwanza haufai ya tatu, na makosa mengi ninayoyaona sokoni ni ya mtu kuweka pesa mahali pazuri kwa ugonjwa usio wake. Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa maswali haya: inabeba gharama ya aina gani, inafikika saa nane usiku au la, na siku ukilala wewe mwenyewe hujitambui, nani anaweza kuigusa?

SHA

Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilishika nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, tarehe 1 Oktoba 2024. NHIF ilikuwapo tangu 1966, kwa hiyo wazee wetu wengi bado wanasema "kadi ya NHIF" wakimaanisha hii mpya. Ndani ya SHA mna mifuko mitatu, na ni muhimu uijue kwa sababu hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Mfuko wa afya ya msingi unalipiwa na serikali, nao unakuhudumia kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Hapo unachotakiwa ni kuwa umejiandikisha. Mfuko wa pili, SHIF, ndio bima yenyewe: hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6, kulazwa, kupasuliwa. Huu lazima uwe umelipia. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, unaosaidia pale SHIF inapofika kikomo.

Kwa hiyo hata kama huna shilingi ya kulipa leo, piga *147# ujiandikishe. Ni bure, na zahanati iko wazi kwako. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nina wenzangu waliokataa kujiandikisha kwa kuogopa kudaiwa, wakawa wanalipia kwenye maduka ya dawa huduma ambayo wangeipata zahanati.

Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Anayepata 20,000 anakatwa 550 kwa mwezi, hana cha kufikiria. Sisi wa soko tunaulizwa maswali: nyumba yako ina paa gani, choo cha namna gani, unapikia nini, una mifugo? Kutokana na majibu, mfumo unakadiria kipato cha kaya na kukupa kiasi chako. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Lakini, na hapa ndipo penye mwiba, unatakiwa ulipe mwaka mzima kwa pamoja. Mia tatu kwa mwezi ni kitu. Elfu tatu na mia sita kwa mkupuo mmoja, kwa mtu ambaye faida yake ya siku ni mia nne, ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2025 ikaja Lipa SHA Pole Pole, ambayo ni mkopo wa kulipia mchango wa mwaka kisha unarejesha kidogo kidogo. Inasaidia, ila uingie ukijua ni deni na utalirejesha.

Sasa uzito wake. SHIF inalipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Kusafisha figo ni 10,650 kwa kila mara, na mgonjwa wa figo huenda mara mbili kwa wiki. Weka hesabu hiyo kando ya 3,600 ya mwaka. Hakuna mkoba wa akiba, hakuna chama, hakuna shemeji aliye Qatar anayeweza kubeba 21,300 kila wiki. Hii ndiyo sababu naiweka SHA mbele ya yote: hii peke yake kati ya tano ndiyo inayochukua pesa ya watu wengi wazima ikamlipia mmoja mgonjwa. Nyingine zote zinakurudishia pesa yako, au za majirani zako.

Ina kasoro, na kasoro zake zinauma. Hospitali ya binafsi inaweza kutoza zaidi ya kile SHIF inacholipa, na tofauti ni yako. Hospitali ya umma inaweza kukuandikia dawa isiyokuwepo, ukatumwa duka la nje na pesa taslimu. Uthibitisho wa kwamba wewe ndiye wewe, uwe kwa namba inayotumwa kwenye simu au kwa alama ya kidole, hutegemea mtandao, na mtandao ukilala unasubiri. Wazazi wako nao hawamo kwenye mchango wako: kaya ni wewe, mwenzi wako na watoto. Nimemwona mtu akimleta babake akijua amemlipia, kumbe mzee alitakiwa ajiandikishe kama kaya yake mwenyewe. Kama uko Mombasa na mama yuko Kitui, wamlipie watoto wote kwa mchango wa pamoja, mwezi mmoja uliokubaliwa kila mwaka. Ni hesabu nyepesi mkigawana wanne.

M-TIBA

Hii ilizinduliwa rasmi 2016, ikaunganisha kampuni za Safaricom na CarePay na shirika la PharmAccess la Uholanzi. Unapiga *253#, unafungua mkoba wa afya, unaweka pesa kutoka M-Pesa. Jambo la kipekee ni kwamba pesa ikishaingia humo haitoki kwa wakala. Inalipa matibabu tu, kwenye vituo vilivyomo katika mtandao wao.

Watu huona hicho ni kifungo. Mimi naona ndiyo faida yake kubwa. Mama anayeuza nyanya karibu nami aliweka 100 kila Jumatatu kwa miezi minane. Mumewe alijua, watoto walijua, mwenye nyumba alikuja kudai kodi mara mbili, na mara zote mbili aliweza kusema kweli: "Sina ya kutoa." Pesa ya M-Pesa ya kawaida ingekwisha kwenye kodi. Mtoto alipopata kifua, 1,850 zilikuwapo.

Kuna utafiti mmoja wa huku Kenya ambao kila nikiufikiria unanisaidia kuamua. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na vyama 113 vya magharibi mwa nchi, watu 771, matokeo yakachapishwa 2013. Waliwagawa. Wengine walipewa kisanduku cha chuma chenye kufuli na ufunguo wao wenyewe. Wengine kisanduku kama hicho, lakini ufunguo ukabaki kwa mtumishi wa mradi, na pesa ilikusudiwa kununua kitu cha kinga kama chandarua au dawa ya maji. Wengine walianzisha chungu cha pili ndani ya chama, cha afya peke yake. Na wengine waliandikiwa akiba ya mtu mmoja mmoja kwa mweka hazina, ya dharura za ugonjwa.

Ungedhani kisanduku kisichofunguka ndicho kitakachoshinda. Hakikushinda. Kilisaidia kidogo sana, kwa sababu mtu hakuthubutu kuweka pesa ambayo mtoto akiugua usiku hawezi kuifikia. Kisanduku chenye ufunguo mkononi kilifanya kazi, ingawa mtu angeweza kuchukua wakati wowote: kule kujua tu kwamba "hii ni ya afya" kulimpa nguvu ya kuwakatalia wanaoomba. Chungu cha chama nacho kilifanya vizuri sana kwa kununua vitu vya kinga. Na akiba iliyotengwa kwa dharura ndiyo iliyowapa watu namna ya kuhimili ugonjwa ulipoingia.

M-TIBA kwangu inasimama na hiyo ya mwisho. Imefungwa kwa kazi yake, haikufungwa kwa tarehe. Mtoto akiugua leo unailipia leo. Kwa hiyo kwa gharama ndogo zinazorudi, homa, vipimo, dawa za kila mwezi, naipenda kuliko nyingine zote. Pia unaweza kumwekea mtu mwingine, na kijana wa mjini anayemtumia nyanya yake pesa ya dawa analala akijua imekwenda kwenye dawa.

Ila kabla hujaweka shilingi, nenda kituo unachokwenda kweli ukiugua, kile cha mtaani kwako, uulize kaunta kama wanapokea M-TIBA. Usiulize mtandaoni, uliza kaunta. Kama hawapokei, pesa yako itakuwa salama lakini mbali nawe. Na ujue kwamba ukiweka 2,000 unapata matibabu ya 2,000. Bima haipo hapo, isipokuwa mpango fulani umekuingiza kupitia mkoba huo huo. Mwenzetu mmoja aliacha kulipa SHA akisema tayari yuko M-TIBA. Tulikaa naye jioni nzima kumweleza kwamba hivi ni vitu viwili.

Akiba ya kufunga

M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilianza Novemba 2012, na ndani yake kuna akiba unayoifunga kwa miezi unayochagua. Sina mengi hapa. Ni nzuri kwa gharama yenye tarehe. Ukijua una mimba ya miezi mitatu, funga kwa miezi sita, ukiongeza kidogo kidogo, na siku ikifika una nguo za mtoto, nauli na tofauti ya hospitali. Kwa ugonjwa wa ghafla haifai, maana ukitaka kuivunja kabla ya muda hupati papo hapo, na hicho ni kile kisanduku cha ufunguo wa mtu mwingine. Riba yake ni ndogo, usiifuate kwa ajili ya riba.

Chama na mchango

Hapa ndipo nilipo, kwa hiyo nitajitahidi nisijipendelee.

Nguvu ya chama ni kasi na watu. Tavneet Suri na William Jack, waliofuatilia kaya za Kenya tangu M-Pesa ilipokuwa changa, walionyesha mwaka 2014 kwamba kaya isiyotumia M-Pesa ikipatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yake hushuka kwa asilimia 7. Kaya inayotumia haishuki. Sababu ni ile ile niliyoishuhudia dirishani: pesa inatoka kwa watu wengi walio mbali, kwa muda mfupi, kabla hujauza kuku au kumtoa mtoto shule. Kabla ya 2007 kaka aliye Nairobi alikuwa akituma bahasha kwa dereva wa basi, na mgonjwa akisubiri basi lifike.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona likiandikwa mahali. Mgonjwa mahututi simu yake iko naye, na namba ya siri iko kichwani mwake. M-Pesa yake, M-TIBA yake, akiba yake ya kufunga, vyote viko humo, na hakuna anayeweza kuvigusa. Hilo lilimpata mwenzetu mwaka juzi: mumewe alianguka, kwenye simu mna 14,000, na kwa siku tatu familia iliomba mkopo kwa majirani huku simu ikiwa mezani. Pesa ya chama iko kwa mtu mwingine aliye mzima. Wewe ukilala, mimi niko macho. Kwa swali langu la tatu, chama hakina mshindani.

Lakini chama kinachoka. Ugonjwa wa kwanza watu wanatoa kwa moyo. Wa pili wanatoa. Wa tatu, wa mtu yule yule, simu inalia mara nne badala ya kumi na moja, na si kwa ubaya, ni kwamba nao wana watoto. Ukiwa na ugonjwa wa kudumu, chama hakitakubeba, na kukitegemea ni kuwaumiza marafiki zako bila kupona. Halafu kuna siri. Ili uchangiwe, lazima useme unaumwa nini. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, msichana anayekunywa dawa za virusi, mama mwenye fistula anayevuja na kuona haya hata kukaa nasi, hawa hawaandiki kwenye kundi. Nimegundua baadaye kwamba wawili kati yetu walikopa kwa riba mbaya badala ya kutuambia. Hilo limenikaa rohoni. SHA na M-TIBA hazikuulizi mbele ya watu 22, na kwa mwenye jambo la siri hiyo peke yake yatosha kuchagua.

Kama mnaweka pesa ya chama, isikae kwenye laini ya mweka hazina kama ilivyokuwa kwetu zamani. Simu hupotea, mtu hufa. Fungueni akaunti ya kikundi yenye zaidi ya mtu mmoja wa kuidhinisha, na kiasi kidogo tu cha dharura kiwe mikononi mwa mtu mmoja, kila mtu akijua ni kiasi gani.

Mkopo wa simu

Fuliza, inayokuwezesha kulipa kwa M-Pesa hata salio lisipotosha, ilikuja Januari 2019, na M-Shwari ilikuwa ikikopesha tangu 2012. Faida yake ni moja na ni ya kweli: saa nane usiku ipo, haikuulizi unaumwa nini. Kwa kipimo cha malaria cha mia tatu utakachokilipa kesho, sitakukataza.

Hesabu ya kitu kikubwa ni hii. M-Shwari inatoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, bila kutaja ushuru. Ukikopa 5,000, ada ni 375. Si nyingi. Lakini mtu aliyekopa kwa ugonjwa kwa kawaida hana ya kulipa mwezi ukiisha, kwa sababu alikuwa haendi kazini. Analipa kwa kukopa tena. Akizunguka hivyo mwaka mzima, ada peke yake ni 4,500, na bado anadaiwa 5,000 zake. Mchango wa chini wa SHA kwa mwaka ni 3,600, kwa nyumba nzima. Niliiandika hesabu hii kwa chaki kwenye ubao wa kreti ya nyanya, na wanawake watano walilipa SHA wiki ile. Wawili wao walikopa ili kulipa, na kwa mara ya kwanza niliunga mkono mkopo: kopa ukiwa mzima, ulipe bima, urejeshe ukiwa unafanya kazi.

Nani achague nini

Mama wa soko mwenye watoto wadogo na mume wa kibarua: SHA kwanza, hata kama itachukua miezi mitatu kukusanya, na kukusanya kwenyewe mfanye kwenye chama. Sisi sasa kila mwezi tunawalipia wawili mwaka mzima kwa zamu, na kwa miezi 11 wote 22 tunakuwa tumelipiwa. Hii ndiyo dawa niliyoiona ya lile tatizo la mkupuo. Kisha 50 au 100 kwa wiki M-TIBA, kama zahanati yenu inaipokea.

Kijana asiye na familia, mwenye afya, anayelipwa kwa siku: najua utaniambia SHA ingoje. Wewe ndiye unayepanda bodaboda kila siku. Lipa.

Mwenye kisukari au presha: SHA, na M-TIBA ya dawa. Usitegemee chama kwa dawa za kila mwezi, tumia chama kwa siku utakayozidiwa.

Mwenye mshahara: SHA unakatwa tayari. Kwako pengo ni wazazi, na dawa zisizopatikana hospitali ya umma. Pesa yako ya ziada iende huko.

Na mtu asiyeweza kulipa chochote mwezi huu: *147#, jiandikishe, nenda kituo cha afya. Usianze na duka la dawa.

Kitu kinachosahaulika

Nauli. SHA hailipi tuktuk, M-TIBA haitoki kwa wakala, akiba imefungwa, na dereva hapokei ahadi. Wenzetu wa Tanzania walilifikiria hili mapema kuliko sisi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa kwa wanawake wenye fistula. Upasuaji ulikuwa bure, lakini waliokaa mbali hawakuwa na pesa ya basi, kwa hiyo matibabu ya bure yalikuwa hayawafikii. Mtu wa kujitolea kijijini anapokea nauli kwenye simu yake, anamkatia mgonjwa tiketi, anampandisha basi. Baadaye ukaja mpango wa m-mama: mama mjamzito aliyezidiwa anapigiwa 115 bila malipo, na pasipo na gari la wagonjwa anaitwa dereva wa eneo lile, anayelipwa kwa simu akishamfikisha.

Chama chetu hakina uwezo wa ukubwa huo, lakini wazo lile tulilichukua kama lilivyo. Kila mmoja anaweka shilingi 20 kwa wiki, inakuwa 440, na mfuko huo hauguswi kwa kitu kingine. Tuna namba za madereva watatu wanaolala karibu, wanatujua, wamekubali kuja kwanza na kulipwa langoni. Hatuulizi mgonjwa anaumwa nini. Anayepanda anasema tu yuko kwenye tuktuk.

Ijumaa iliyopita, saa kumi alfajiri, simu ililia. Dereva alikuwa lango la hospitali, nikasikia mlinzi akifungua geti. Nikamtumia 400 nikiwa kitandani, na ya kutolea juu.